Mita Mbili za Nani?

Miaka kadhaa iliyopita, ofisi moja iliniomba niifasiri kwa Kiswahili taarifa ya hali ya bahari, ipate kubandikwa madikoni. Ilikuwa taarifa fupi: upepo wa Kusi wenye nguvu, mvua za hapa na pale, na mawimbi ya mita mbili. Niliimaliza kabla kikombe changu cha chai hakijapoa, nikajiona nimetenda jambo.

Siku ya pili nilipita dikoni, nikamkuta mvuvi mmoja mzee amesimama mbele ya karatasi ile na kijana akimsomea. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia haya wewe ndiye uliyeyaandika."

Nikakiri kuwa ni mimi.

"Basi nambie. Hizi mita mbili ni mita mbili za nani? Za aliye pwani, anayelitazama wimbi usoni, au za aliye nje ya mwamba, anayeliona mgongoni? Na ni wimbi lipi? Maana mawimbi hayaji yote kimo kimoja, kama askari wa gwaride."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefasiri maneno bila ya kuijua maana yake, na kwa mfasiri hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea sarufi. Mimi si mtaalamu wa bahari wala sikusomea chuoni. Niliyonayo nimeyaokota vitabuni mwenyewe, kidogo kidogo. Lakini swali la mzee yule lilinifuata nyumbani, likanipeleka mbali, mpaka katika visiwa vya Hawaii, kwenye ghuba moja ndogo iitwayo Waimea, iliyoko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu. Huko watu wamelibishania swali hilo hilo kwa miaka mingi. Majibu waliyoyapata yanatuhusu na sisi watu wa visiwa.

Wahawaii ndio waliomfundisha ulimwengu kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Wao huita jambo hilo heʻe nalu. Heʻe ni kuteleza, na nalu ni wimbi. Lakini kamusi zao zinatueleza kuwa nalu ina maana ya pili, nayo ni kutafakari, kulizungusha jambo moyoni. Kwa watu hawa, basi, mwenye kulitazama wimbi na mwenye kuwaza walikutana katika neno moja. Haukuwa mchezo wa watoto tu. Wafalme na malkia waliteleza, na wanawake pamoja na wanaume. Mawimbi yalikuwa na majina: lauloa ni lile linalovunjika kwa pamoja kutoka ncha moja ya pwani hadi nyingine, na ʻōhū ni lile linaloinuka na kupita bila ya kuvunjika. Bahari ilipolala, walikuwa wakichuma ule mmea utambaao mchangani, wenye maua ya zambarau, wakayapiga maji kwa mizabibu yake huku wakiimba kuyaita mawimbi. Mmea huo wao huuita pōhuehue. Nasi tunao, umetanda katika fukwe zetu zote, nasi huukanyaga tukienda kuoga.

Kuhusu pepo wana hadithi ambayo kila mshairi angepaswa kuijua. Ni hadithi ya kibuyu cha Laʻamaomao, iliyochapishwa kwa Kihawaii na Moses Nakuina mwaka 1902. Ndani ya kibuyu hicho mlihifadhiwa pepo zote za visiwa vile, na Pākaʻa, mtumishi wa mfalme Keawenuiaʻumi, alizijua zote kwa majina yake. Akafitiniwa, akaondoka. Mwanawe, Kūapākaʻa, akarithi ujuzi ule. Siku mfalme alipopita na mitumbwi yake, mtoto huyo alisimama akaziimba pepo, kisiwa baada ya kisiwa, mahali baada ya mahali, akiwaonya wasafiri kuwa tufani inakuja na wateremke pwani. Wasafiri hawakumsikia. Ndipo kibuyu kikafunguliwa.

Hadithi hii mimi naisoma kuwa ni utabiri wa hali ya hewa katika umbo lake la kale kabisa: wimbo wa majina. Hutaweza kuonya juu ya upepo usioujua jina. Na neno letu wenyewe, kutabiri, limetoka katika Kiarabu ambako asili yake ni kuifasiri ndoto, na mzizi wake ni ule wa kuvuka, kutoka ng'ambo moja kwenda ya pili. Mtabiri na mfasiri ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili huvusha maana, na wote wawili huweza kuiangusha majini.

Sasa tuziache nyimbo tuje kwenye hesabu.

Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Marekani yalikuwa yakijitayarisha kushuka katika pwani ya Atlantiki ya Morocco. Kijana mmoja mwanasayansi, Walter Munk, aliyezaliwa Vienna mwaka 1917, aliyatazama mazoezi ya kushuka pwani huko Carolina, akaona kuwa wimbi likizidi kiasi vyombo hugeuzwa ubavu na kujaa maji, na mazoezi huahirishwa. Akatafuta habari za pwani ya Morocco, akagundua kuwa mawimbi ya huko wakati wa baridi huzidi kiasi hicho mara kwa mara. Akamwendea mwalimu wake, Harald Sverdrup, mwana wa Norway, na wawili hao wakatengeneza njia ya kuhesabu: upepo umevuma kwa nguvu gani, kwa muda gani, juu ya eneo la bahari la urefu gani. Kutokana na hayo matatu waliweza kukadiria wimbi litakuwa la kimo gani na litafika lini. Majeshi yalishuka Morocco tarehe 8 Novemba 1942. Maofisa wa hali ya hewa waliofundishwa elimu hiyo walitumika tena mwaka 1944, katika kutabiri bahari ya Normandy.

Hapa ndipo nilipolipata nusu ya jibu la mzee wangu. Munk na Sverdrup walikabiliwa na tatizo lile lile: mawimbi hayaji kimo kimoja, basi ni lipi liandikwe? Walichukua wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, kwa sababu hicho ndicho kimo ambacho jicho la baharia mzoefu hukitaja akiulizwa. Jicho halihesabu vidogo, hukumbuka vikubwa. Kipimo hicho ndicho kitumikacho hadi leo katika taarifa za bahari duniani kote. Kwa hiyo ile "mita mbili" iliyokuwa katika karatasi yangu haikuwa mwisho wa kimo. Katika saa chache za bahari ya namna hiyo, laweza kuja wimbi moja linalokaribia mita nne. Nami sikumwandikia mvuvi hata neno moja la kumwambia hivyo.

Zingatia jambo hili, msomaji. Tarakimu ile tunayoidhania kuwa ni ya chombo tupu, kumbe ndani yake mmefichwa jicho la mwanadamu. Hesabu ilijifunza kwa baharia, kisha baharia akaambiwa asijiamini mpaka aisome hesabu.

Baada ya vita Munk aliendelea. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Frank Snodgrass walichapisha vipimo vya mawimbi yaliyofika katika kisiwa cha Guadalupe, magharibi ya Mexico, nao wakayafuata nyuma kwa hesabu hadi katika tufani za kusini ya Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii. Mwaka 1963 walipanga vituo kutoka New Zealand, kupitia Samoa na Hawaii, hadi Alaska, na kuyasindikiza mawimbi ya tufani za kusini yakiivuka Pasifiki nzima kwa siku nyingi, zaidi ya kilomita 10,000, nayo yakipoteza nguvu kidogo sana njiani. Wimbi lililozaliwa mahali asipoishi mtu hufa mlangoni kwa mtu asiyejua lilikotoka.

Mawimbi haya ya safari si yale yaumuliwayo na upepo wa leo mbele ya macho yetu. Yamekwisha kuachana na upepo uliyoyazaa. Yaliyo marefu zaidi huenda mbio zaidi, na ndiyo yatanguliayo. Wimbi ambalo baina ya kilele na kilele hupita sekunde 20 husafiri, pamoja na kundi lake, kiasi cha kilomita 56 kwa saa. Lile la sekunde 16, kiasi cha kilomita 45. Tufani ikivuma wakati wa baridi kati ya Japani na visiwa vya Aleutian, kilomita 3,000 hivi kutoka Oahu, hapo Waimea patapata habari yake siku ya pili au ya tatu. Wa kwanza kufika ni wajumbe, mawimbi marefu na mapana yasiyotisha, kisha hufuata jeshi lenyewe. Kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Kauai, kiasi cha kilomita 500 kutoka Waimea, limetiwa nanga boya la kupimia. Likianza kuinuka na kushuka kwa mwendo huo mrefu, watu wa pwani wana takriban saa kumi tu. Na kwa kuwa visiwa vile vimesimama peke yake katika kina kirefu, bila ya tambarare pana ya chini ya maji ya kuyachosha mawimbi, jeshi hilo hufika likiwa na nguvu zake zote.

Lilifika hivyo siku za kwanza za Desemba 1969. Bahari iliingia majumbani katika Pwani ya Kaskazini na nyumba kadhaa zikavunjwa. Ghuba ya Waimea yenyewe, mahali pa mashujaa, ilifunga mlango: mawimbi yalivunjika kutoka ncha hadi ncha, wala hapakuwa na njia ya kutoka. Tarehe 4 mwezi huo, Greg Noll alikwenda Makaha, pwani ya magharibi, akaliteleza wimbi moja ambalo limesimuliwa tangu siku ile. Lilikuwa na kimo gani? Hakuna aliyelipima. Kila msimulizi ana futi zake.

Na futi za Hawaii zina kisa chake. Kwa miongo mingi wenyeji walilitaja wimbi kwa kimo ambacho ni kama nusu tu ya uso wake. Wengi hulieleza jambo hilo kwa kusema kuwa hulikadiria mgongoni, kama alionavyo aliye nje ya mwamba. Wimbi ambalo mgeni aliyesimama mchangani angeliita la futi 20, mwenyeji husema ni la futi 10, na taarifa za serikali zilifuata lugha hiyo ya wenyeji. Mgeni aliyesoma "futi sita" aliingia majini akakutana na ukuta wa futi 12. Mwaka 2001 ofisi ya hali ya hewa ya Honolulu ikaamua kuandika kimo kamili cha uso wa wimbi, kwa ajili ya usalama wa watu. Wateleza mawimbi wengi wa kale hawakupenda, na hata leo wangali wakisema kwa kipimo chao. Mzee wangu wa dikoni, ambaye hakupata kuisikia Waimea, alikuwa ameuliza kwa sentensi moja jambo lililowashughulisha watu wa Hawaii muda wote huo.

Wako watakaosema kuwa basi mambo yamekwisha: boya lipo, hesabu ipo, na kipimo kimesahihishwa. Waimea yenyewe inajibu kuwa bado.

Tangu mwaka 1968, mmoja wa walinzi wa kwanza wa waogaji wa ghuba hiyo alikuwa Mhawaii aliyeitwa Eddie Aikau. Aliijua Waimea kama mtu aujuavyo ua wa nyumba yake, na waliookolewa naye ni wengi. Mwezi Machi 1978 alipanda mtumbwi wa tanga Hōkūleʻa kuwa mmoja wa mabaharia wake. Mtumbwi huo ulikuwa umeundwa kwa mfano wa ile ya wahenga, na mwaka 1976 ulikwenda Tahiti bila ya dira wala saa, ukiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, aliyejua njia kwa nyota na kwa kulisikia tumbo la mtumbwi likiitikia mawimbi ya safari. Safari hii ya pili Mau hakuwamo. Waliondoka Oahu jioni ya tarehe 16 Machi katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Saa chache baadaye mtumbwi ulipinduka. Siku ya pili, Eddie alichukua ubao wake akapiga makasia ya mikono kuelekea kisiwa cha Lānaʻi kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena.

Wahenga wetu husema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Nami nawaheshimu wahenga, lakini kila nikisoma kisa hiki hujiuliza kama methali hiyo haitufundishi kukubali mapema mno. Upepo ulikuwepo kabla ya chombo kuondoka. Kwa fikra zangu, utabiri ndio usukani unaoshikwa tungali pwani.

Kwa kumbukumbu yake kunafanyika Waimea mashindano ambayo hayana tarehe. Hufanyika pale tu mawimbi yafikapo futi 20 kwa kipimo cha wenyeji, yaani kiasi cha futi 40 za uso. Kwa hiyo miaka mingi hupita bila ya kufanyika. Tarehe 10 Februari 2016 utabiri ulisema yatafika. Maelfu ya watu walikusanyika kabla ya alfajiri, na asubuhi mashindano yakaahirishwa: mawimbi ya kimo kile hayakuja kwa wingi uliotakiwa. Yalifanyika tarehe 25 ya mwezi huo huo. Uamuzi wa mwisho, pamoja na maboya na kompyuta zote, huachiwa macho ya watu waliosimama mchangani. Na mwaka 2023 aliyeshinda alikuwa Luke Shepardson, mlinzi wa waogaji aliyekuwa zamu siku hiyo hiyo, aliyeomba ruhusa ya kushindana kisha akarejea kazini. Sioni ajabu. Ndiye aliyekuwa akiitazama bahari ile kila siku.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi hakina ubao wala mashindano. Mwaka 1893 ufalme wa Hawaii ulipinduliwa, na mwaka 1896 sheria ikaamuru kuwa shule zifundishe kwa Kiingereza. Lugha ikadhoofika kizazi baada ya kizazi, hata ikakaribia kuzimika. Haikurejeshewa hadhi ya lugha rasmi mpaka mwaka 1978. Nyuma yake iliacha magazeti ya Kihawaii yaliyochapishwa tangu 1834 hadi 1948, zaidi ya kurasa 100,000, ambayo wachache sana walibaki na uwezo wa kuyasoma. Katika kurasa hizo wenyeji walikuwa wameandika kila kitu: nasaba, maombolezo, mvua, pepo, bahari kuingia nchi kavu.

Wataalamu wa hali ya hewa na wajuzi wa lugha walipokaa pamoja kuyasoma, walikikuta kimbunga. Tarehe 9 Agosti 1871 kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa cha Hawaii na Maui, kikang'oa miti na kubomoa majumba, na watu wa mahali mbali mbali waliandika magazetini saa kilipofika, upande upepo ulikogeukia, na yaliyoangamia. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2018. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa milima mirefu ya kisiwa cha Hawaii hukikinga kisiwa na vimbunga. Onyo lilikuwako muda wote, limechapwa kwa wino. Watu walikuwa wamenyang'anywa lugha ya kulisomea.

Hapo nikairudia karatasi yangu na pwani yetu. Kwetu, Madagaska imekaa kama ngao, na miamba yetu huyavunja mawimbi kabla hayajatufikia, Waimea hatunayo. Lakini tunao watu waendao nje ya mwamba kila usiku. Nao wana kibuyu chao: Kaskazi na Kusi, matlai na umande, demani na tanga mbili, maji ya bamvua na maji mafu. Kila neno hapo ni mia ya miaka ya kutazama. Vijana wangapi wanayajua yote? Mimi mwenyewe, mwenye kujiita mshairi, nilipotaka neno la mawimbi yale yatokayo mbali siku isiyo na upepo, sikuwa nalo mdomoni. Nilimwendea mzee. Akafikiri kidogo, akasema, "Sisi husema bahari inapumua."

Nikaiomba ofisi ile ruhusa ya kuiandika upya taarifa. Safari hii nilieleza kuwa mita mbili ni wastani wa mawimbi makubwa, lililo kubwa kuliko yote laweza kukaribia mara mbili ya hapo. Kuwa kimo hicho kimepimwa bahari wazi, kuanzia shimo la wimbi hadi kilele chake, na juu ya mwamba mambo hubadilika. Na kuwa anayetoka mlangoni, maji yakiwa yanakupwa na Kusi inavuma, ajihadhari zaidi. Iliniambia kuwa ni ndefu mno, haitoshi katika nafasi iliyotengwa. Ikabandikwa ile ya zamani.

Basi niliichukua yangu nikaenda nayo dikoni kwa mkono wangu, na kijana yule yule akamsomea mzee mbele ya wenzake. Aliposikiliza hadi mwisho alinyamaza, akaitazama bahari, kisha akawaambia wenzake: "Leo tunapumzika." Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya karatasi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nilikwisha kuiona tangu alfajiri. Lakini hawa vijana hawanisikii mimi, husikia karatasi. Leo karatasi imesema ninavyosema."